Oveni Iliyofunikwa Kitambaa

Ruring'u, karibu na uwanja,
Nyeri.
Jumamosi, 14 Septemba 2024

Mpendwa dada yangu Wamucii,

Pokea salamu zetu sote, pamoja na salamu za baridi ya Nyeri ambayo mwaka huu imekataa kwenda zake. Agosti imeisha na bado asubuhi tunavaa sweta mbili. Wewe u hali gani? Mgongo uliokuwa ukikuuma kwa kuinua wale wazee unaowatunza umepoa? Na Wendy, binti yetu, anaendeleaje na masomo? Mwambie mjomba wake anaona vile vikatuni anavyonitumia kwenye simu badala ya maneno. Sivielewi hata kimoja, lakini asiache.

Huku tuko wazima, namshukuru Mungu. Presha ya Mama iko chini. Daktari alimwambia apunguze chumvi, naye akamwambia daktari apunguze maneno, kwa hiyo unaona mwenyewe kwamba nguvu anazo. Magoti yangu ni yale yale. Niliyaacha mlimani na sijaambiwa nirudi kuyachukua.

Najua umeshangaa kupata karatasi wakati simu ipo. Lakini kila ukipiga, Mama hukaa ubavuni mwangu akinyoosha mkono aipewe, na haya ya leo siwezi kuyasema akisikiliza. Halafu mimi nikianza kueleza jambo zito kwa mdomo, hucheka katikati nikaliharibu. Unanijua. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndivyo tulivyofundishwa barua darasani, na yule mwalimu wetu wa fimbo bado namwogopa. Barua hii inakuja kwa mkono, pamoja na mkebe. Usifungue mkebe kabla hujamaliza kusoma. Haya, najua umeshaufungua. Basi ufunike.

Nataka kukushukuru, Wamucii, lakini kwanza nitubu.

Zile picha za ibada ya shukrani ya Mama kutimiza themanini, keki kubwa mezani na Mama akiwa na kofia yake ya zambarau, ni za kweli. Keki hiyo ilitoka ndani ya oveni yako. Lakini zile picha tatu za nyuma, Krismasi mbili na Pasaka moja, nilizokutumia nikiandika "kutoka kwenye oveni yako, asante dada", zilikuwa uongo mtupu. Zile keki nilizioka kwenye sufuria nyuma ya nyumba, makaa chini na makaa juu ya mfuniko, kama nilivyozoea. Oveni yako ilikuwa haijawahi kupika hata andazi moja. Nisamehe. Wewe uliwaonyesha wenzako kazini, na mimi nilijua, na nikanyamaza.

Ngoja nikueleze ilivyokuwa. Oveni uliyotutumia ilipofika miaka sita iliyopita, mimi nilikuwa bado nawapikia wapanda mlima kule Naro Moru, kwa hiyo sikuwepo. Wahome jirani, yule wa kuchomelea mageti, ndiye aliyeibeba na wenzake hadi jikoni. Mama akasema haiwezi kuingia kwenye moshi. Wakaitoa, wakaiweka sebuleni kati ya kabati la vyombo na kiti chake, fundi akaivutia waya wa stima, na Mama akaifunika kwa kitambaa cheupe alichokishona mwenyewe, chenye ukingo mwekundu. Juu ya kitambaa akaweka maua ya plastiki. Mgeni akiingia alikuwa anaonyeshwa kwanza oveni ya Wamucii, kisha ndipo anapewa chai.

Niliporudi nyumbani miaka miwili iliyopita, magoti yalipogoma, niliikuta hapo, nami sikuwa na haja nayo. Miaka ishirini na miwili nilioka keki za siku ya kuzaliwa za Wazungu kwenye baridi ya kupasua midomo, sufuria ndogo ndani ya sufuria kubwa, changarawe chini, unga uliokandwa ukizungushwa ukingoni mvuke usitoke. Mtu kama huyo ataambiwa nini na sanduku la vitufe? Nilikuwa na maringo, nakiri. Hata mlango wake sikuwahi kuufungua.

Kisha ukapiga simu ile ya Juni. Ulisema karatasi zako za kukaa huko Uingereza bado hazijatoka, kwamba Mama atatimiza miaka themanini bila wewe, na kwamba una ombi moja tu: keki ya siku hiyo iokwe katika oveni yako, ili angalau kuwe na kitu chako kilichofanya kazi siku hiyo. Halafu nikasikia unavuta pua. Nikasema, "Hiyo ni kazi ndogo." Tangu siku hiyo nilijua kwamba uongo wa nne sitauweza. Wa Krismasi niliuweza. Huo, hapana.

Kazi ndogo! Mama alikataa katakata. Kila nikishika kitambaa alikuwa anasema, "Hiyo ni ya Wamucii. Wacha." Wiki nzima. Siku moja alisogeza kiti chake hadi mbele ya mlango wa oveni akakaa hapo akimenya njegere, akinitazama. Nilikasirika, sitakuficha. Nilidhani anaona kitu kikitumika kitaisha thamani, kama zile bilauri za harusi yake ambazo hakuna aliyewahi kuzinywea maji. Mwishowe nikamwambia kwamba si mimi ninayetaka, ni wewe uliyeomba kwa kinywa chako. Kesho yake nilitoka kwenda kuchukua maziwa, na niliporudi nilikuta kitambaa kimekunjwa vizuri juu ya kiti, oveni iko wazi, safi, tupu, na chini ya kitanda chake kuna kitu kimefunikwa shuka. Nikasema moyoni, kumbe alikuwa ameigeuza kabati la sufuria. Sikuuliza zaidi. Ilikuwa Ijumaa, na siku tisa zilikuwa zimebaki kufika Jumapili ya ibada.

Nikaoka keki ya majaribio siku hiyo hiyo. Nilizungusha kitufe hadi mia na themanini, taa ndogo ya rangi ya machungwa ikawaka, nikajipiga kifua. Baada ya dakika tano taa ikazima. Nikasema, ala, imeshika moto tayari, hawa watu wana akili! Nikaingiza keki. Baada ya saa moja nikaichoma kwa njiti, njiti ikatoka imevaa unga. Baada ya saa mbili nikachoka, nikaitoa, nikaikata. Juu ngozi, ndani uji. Mama aliitazama kisha akaomba kijiko.

Basi nikaanza kutafuta mchawi. Kwanza nilisema ni stima ya Ruring'u, haina nguvu, inaliwa na mashine ya Wahome ya kuchomelea. Nikamwendea Wahome nikamwomba azime mashine yake saa mbili kwa ajili ya Mama. Akazima, muungwana yule, kisha akaja kukaa sebuleni asubiri keki. Uji tena. Wahome alikunywa chai kavu akarudi kwa mageti yake, nami aibu ilinishika hadi masikioni.

Halafu nikasema ni huku kwetu juu, karibu na mlima, ambako hata maji huchemka kwa namna yake. Mama akaniuliza mbona mikate ya mjini inaiva, au mji wa Nyeri umeshuka bondeni. Nikaacha hiyo.

Kisha nikaona ule mpira unaozunguka mlango umekauka na kupasuka kwenye pembe. Nikapaza sauti, nimekipata! Moto unatoka hapa! Na nikafanya nini? Nikafanya kile ambacho mpishi wa mlimani peke yake anaweza kufanya. Nilikanda unga wa chapati, nikauviringisha kama kamba, nikaubandika kuzunguka mlango wote wa oveni yako ya Ulaya. Nikafunga, nikawasha.

Wamucii, ule unga ulikauka ukawa simenti. Mlango ulikataa kufunguka. Nilivuta, nikapiga magoti, magoti yakanikumbusha yalivyo, nikachukua kisu nikawa nachimba ukingoni kama mtu anayefukua mhogo. Saa nzima. Kilichokuwa ndani hata sitakielezea. Mama alikuwa kwenye kiti chake akicheka mpaka anajifuta machozi kwa ncha ya kitambaa cha kichwani. Sijamsikia akicheka hivyo tangu uondoke. Nilikasirika na nikafurahi kwa wakati mmoja, kama hilo linawezekana.

Lakini usiku sikucheka. Ilikuwa Jumanne, zimebaki siku nne kamili kabla ya Jumapili. Ningeweza kuoka kwa sufuria nikakutumia picha, na hakuna ambaye angejua. Mimi ningejua. Na nilikuwa nimeanza kuona kwamba Mama naye anasubiri kitu, kwa sababu kila asubuhi alikuwa anauliza, "Ya Wamucii imepona?", kana kwamba tuna mgonjwa nyumbani.

Jumatano nikashuka mjini, sasa nikiwa na hakika kwamba koili, ule waya unaotoa moto, imeungua. Unalikumbuka duka la Thakorbhai la vitu vya stima, pale Baba aliponunua redio? Bado lipo, na kaunta ni ile ile ya mbao. Thakorbhai mwenyewe macho yamechoka, anakaa kwenye kiti akisikiliza wateja. Kazi yote sasa inashikwa na mkewe, Taraben. Mama mwenye sari ya buluu na sweta la kahawia juu yake, bisibisi ziko mfukoni mwa sweta. Nilifika kaunta nikasema kwa sauti ya mtu anayejua, nipe koili ya chini ya oveni.

Akaniambia, "Koili siuzi."

Nikamwuliza zile zilizo ukutani nyuma yake ni za nini. "Ziko za kuuza kwa mtu koili yake imeungua. Wewe nani alikuambia koili yako imeungua?" Nikasema nimejua mwenyewe, mimi ni mpishi. Akaegemea kaunta kama mwalimu. Taa ya machungwa inawaka? Inawaka. Inazima baada ya dakika ngapi? Tano. Ukigusa juu ndani kuna moto? Upo, lakini kidogo. Akatikisa kichwa. "Koili yako nzima, baba. Koili ikikufa inakufa, hiyo taa ingewaka tu saa zote ikingoja moto. Yako inazima mapema, inafikiria imefika. Kuna kitu inaidanganya."

Kisha akaniuliza kwa nini natoka jasho asubuhi ya baridi hivi, na ni keki ya nani. Nikamwambia yote, Wamucii, hata sijui kwa nini. Mama kutimiza themanini, wewe kukosa karatasi, oveni, ombi lako. Aliposikia uko Leicester, alimtazama Thakorbhai, na Thakorbhai akasema bila kugeuka, "Zarna iko huko pia." Zarna ni binti yao wa mwisho. Ana miaka minane huko. Taraben alichukua mkoba wake wa kazi, akaniambia nisinunue kitu, kesho saa nne atakuja mwenyewe kuona.

Na alikuja. Kitu cha kwanza alichofanya ni kuzima swichi ya ukutani na kunigombeza kwa kuwa niliingiza kisu mlangoni ikiwa imewashwa. Nilipewa yangu mbele ya Mama, na Mama aliongezea. Kwa sababu Taraben, nisikufiche, anaongea Kikuyu kuliko watoto wa siku hizi wa hapa Ruring'u. Walisalimiana dakika kumi kabla ya kugusa oveni, wakaulizana mahindi yalivyofanya, nami nimesimama pale na taulo begani kama mhudumu.

Alifungua mlango, akapiga tochi, akaubandua unga wangu kwa kucha, akaunusa, akanitazama. Hilo lilikuwa baya zaidi kuliko matusi. Akapima koili ya chini kwa kifaa chake, kikalia ngiii. Akapima ya juu, ngiii. Zote nzima. Kisha akapitisha kidole juu ya koili, akanionyesha kidole. Safi kabisa.

"Mwisho ulipika nini ndani ya hii, kabla ya wiki hii?"

Nikasema, Krismasi.

"Unanidanganya. Hii haijaona mafuta. Hii ni mpya."

Sikuwa na pa kuficha uso. Mama alitazama dirishani. Nikakiri kwamba haijawahi kupika, nami nikajua siku hiyo hiyo kwamba itabidi nikuandikie barua hii.

Akaingiza kichwa na tochi hadi ndani kabisa, akaniita nione. Ndani ya oveni, ukutani kwa nyuma, kuna kijiti chembamba cha shaba, kinapata urefu wa kalamu. Hicho ndicho kinachopima moto. Kikipata joto la kutosha kinaiambia oveni izime, kikipoa kinaiambia iwake. Kinatakiwa kukaa kwenye vishikizo viwili, mbali na koili. Chako kilikuwa kimeng'oka, kimepinda juu, kimeigusa koili ya juu. Kwa hiyo oveni ikiwaka dakika tano tu, kijiti kinaungua peke yake, kinapiga kelele kwamba nyumba nzima ni moto, oveni inazima, na keki inabaki kwenye ubaridi wake. Siku zote nilizokuwa nikimlaumu Wahome na mlima, ni hicho tu.

Taraben akageuka, akaniuliza ni nini kilisukumwa humo ndani kwa nguvu, kitu kigumu chenye pembe. Nikasema sufuria. Akasema sufuria ni za mviringo, hazifiki pale.

Hapo ndipo Mama aliponyanyuka. Aliingia chumbani polepole, tukasikia akivuta kitu sakafuni, akarudi amekumbatia mkebe. Ule mkebe mkubwa wa mraba wa biskuti, wa enzi za Baba, uliokwaruzika rangi. Akauweka juu ya meza, akamweleza Taraben, si mimi, kwa Kikuyu, taratibu. Alisema panya walikuwa wamekula kona ya sanduku lake la nguo. Akazunguka nyumba nzima akitafuta mahali ambapo panya hawezi kuingia, na mahali palikuwa pamoja tu, chuma pande zote na mlango wa kubana. Na zaidi ya hayo, alisema, kitu cha Wamucii kinafaa kukaa ndani ya kitu cha Wamucii.

Akaufungua.

Nitakuandikia kilichokuwemo, kwa sababu nadhani una haki ya kujua. Kadi yako ya kliniki ya utotoni. Sweta lako la kijani la darasa la nane, lenye kiwiko kilichoshonwa kwa uzi mweusi. Kila kadi uliyotuma kutoka huko, pamoja na bahasha zake, hata zile ambazo hazikuwa na kitu tena. Picha ya Wendy akiwa na meno mawili. Na kipande cha sabuni kilichofungwa kwa karatasi ya mkate. Nilimwuliza Mama ni sabuni gani. Akasema ni ile uliyoogea asubuhi ya kuondoka. Uliiacha bafuni ikiwa bado na maji.

Miaka sita, Wamucii, kila ulipotuma kadi, Mama aliutoa mkebe, akaiweka ndani, akaurudisha na kuusukuma hadi uguse ukuta wa nyuma, kusudi mlango ufunge vizuri panya wasiingie. Ndivyo kijiti kilivyong'oka. Kumbe alipokalia kile kiti alikuwa anakulinda wewe, nami nilikuwa namwita mchoyo moyoni. Wewe, ambaye ulipewa jina la nyanya yetu aliyemzaa yeye, na ndiyo maana hadi leo hukuita "mama" na si Wamucii anapokuombea. Nililia. Naandika wazi, nililia mbele ya fundi.

Taraben hakulia. Alikaa akaishika ile sabuni ndani ya karatasi yake, akainusa, akairudisha kwa mikono miwili. Kisha akasema kwamba yeye ana kandambili za Zarna mlangoni, na kila anayefagia anagombezwa akizisogeza. Wakatazamana na Mama, na mimi nikaenda kuchemsha chai kwa sababu sikuona kazi nyingine ninayoweza kuifanya hapo.

Sasa ona huyu mama alivyo. Mtu mwingine angemwambia Mama, shosho, tafuta kabati lingine, oveni si ya kuwekea vitu. Mimi nilikuwa tayari kabisa kusema hivyo, nilikuwa nimefungua mdomo. Taraben aliniwahi. Alinyoosha kijiti, akakirudisha kwenye vishikizo, akavikaza. Akabadilisha mpira wa mlango. Kisha akachukua waya mnene wa rafu ya oveni kuukuu, akaupinda kwa koleo, akatengeneza kizuizi kidogo kama tundu la kifaranga, akakifunga mbele ya kile kijiti kwa skrubu mbili. Akauchukua mkebe, akausukuma ndani mwenyewe kwa nguvu zote hadi ukagonga kizuizi. Kijiti hakikutikisika. Akamwambia Mama, "Sasa usukume unavyotaka."

Mama alimshika mikono, akamtemea mate kifuani kidogo, ile baraka ya wazee wetu, na Taraben akainamisha kichwa aipokee, sari na sweta na bisibisi zake. Alipoondoka alikataa kila kitu isipokuwa njegere. Alisema jambo moja tu nililoandika kwenye karatasi na kuibandika juu ya swichi ya ukutani: ANGALIA NDANI KWANZA.

Aliacha kipima moto kidogo chenye mshale, cha kuweka ndani ya oveni. Ijumaa nilikiweka, nikawasha, nikavuta kigoda nikakaa kutazama kupitia kioo. Taa ya machungwa haikuzima baada ya dakika tano. Wala kumi. Mshale ulipanda mia, mia na ishirini, na hamsini, na ulipofika mia na themanini taa ikazima taratibu kama mtu aliyeshiba. Nilimwita Mama. Tulikaa wawili tukitazama oveni tupu ikiwaka na kuzima, ikiwaka na kuzima, tukifurahi kuliko harusini.

Jumamosi nikaoka. Zabibu kavu nilizoloweka kwenye chai ya mkandaa, mdalasini, ganda la chungwa, mayai ya kuku wetu. Sikuibania kitu. Harufu ilitoka hadi barabarani, na Wahome alikuja bila kuitwa, mara hii akapewa.

Jumapili umeiona kwenye picha, lakini picha hazina sauti. Baada ya maombi Mama alikata keki mwenyewe. Watu walitaka aanze kwa mchungaji. Akasema kipande cha kwanza hakiko hapa, kina safari. Akakikata kikubwa, akakifunga kwa karatasi ile ile ya mkate anayofungia kila kitu chake, akaniambia niweke pembeni. Kisha akala chake, polepole, macho amefumba, na alipomaliza alisema mbele ya watu wote, "Wamucii amenilisha."

Basi nimekuandikia kukushukuru. Nakushukuru kwa oveni niliyoidharau. Nakushukuru kwa kuniomba jambo ambalo sikuweza kulidanganyia, kwa sababu bila ombi lako ningezeeka pembeni ya kile kitambaa bila kujua kilichofunikwa. Na ukimwona Zarna mshike mkono, umwambie mama yake ameponya nyumba ya watu. Taraben anasafiri Alhamisi kwenda kumtembelea, na ndiye anayekuletea barua hii na mkebe wenye kile kipande chako. Mpikie chai yenye tangawizi. Hapendi sukari nyingi.

Sasa kila Jumamosi tuna utaratibu. Mama anautoa mkebe wake, anaushikilia magotini. Mimi naoka. Keki ikitoka, anasubiri oveni ipoe, anaingiza kiganja kuhakikisha kama anayepima maji ya kumwogesha mtoto, kisha anaurudisha mkebe na kufunika kitambaa. Simwambii kitu. Namwekea kiti karibu tu.

Anakusalimu sana, wewe na Wendy. Wahome anasalimu, anasema keki ilikuwa tamu lakini anadai ile ya kwanza. Mutahi, mtoto wa mjomba kule Kangari, aliyeleta majani chai ya ibada, anakusalimu. Thakorbhai naye amesema nisisahau kumtaja. Mungu akupe usingizi mzuri baada ya kazi, akufungulie hizo karatasi, na alinde mikono yako inayowainua wazazi wa wengine.

Jambo la mwisho. Mkebe huu ukimaliza keki usiutupe. Mama anasema ule wake umejaa na anahitaji wa pili. Nilimwambia oveni haina nafasi ya mikebe miwili, na kwamba kuutuma tena kutoka huko ni shida. Akaniambia hakusema utumwe. Alisema uulete.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye kuliko ninavyoweza kusema kwenye simu,

Gicheru